Malaika Alirudi Mara ya Pili

Ujumbe wa Jumapili
Somo kuu: 1 Wafalme 19:1–18
Masomo ya kusaidia: 2 Wafalme 20:1–7, Mathayo 4:24, Luka 17:11–19



Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo hapa kwetu husemwa kwa kunong'ona, nyuma ya jikoni au njiani tukitoka mazishini. Tunazungumza juu ya ugonjwa wa akili, na jinsi mtu anavyoanza matibabu. Kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye halali, haongei, au anaongea na watu wasioonekana, ujumbe huu ni wako. Kama mgonjwa ni wewe mwenyewe, na umekuja kanisani leo umevaa vizuri ili mtu yeyote asijue, basi ni wako zaidi. Keti, hakuna atakayekuita mbele.

Fungua nami 1 Wafalme 19.

Mtu wa imani aliyechoka

Kumbuka tumetoka sura ya 18. Eliya ameomba na moto umeshuka Karmeli. Ameomba tena, na mvua imenyesha baada ya ukame wa miaka. Kama tungekuwa tunachagua mtu mwenye imani katika Israeli yote, kura zote zingemwendea Eliya. Lakini geuza ukurasa mmoja tu. Yezebeli ametuma neno la vitisho, na mtumishi huyu wa Mungu anakimbia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake hapo, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amtoe uhai. Kisha analala.

Angalia hizo dalili mstari kwa mstari. Hofu imemzidi. Amejitenga na mtu wa mwisho aliyekuwa naye. Hana hamu ya chakula. Anatamani kufa. Na baadaye, mstari wa 10, ana wazo moja ambalo halimtoki: kwamba amebaki peke yake. Mungu atamwonyesha kwamba kuna watu 7,000 ambao hawajapiga goti kwa Baali, lakini wakati huo Eliya hawezi kuwaona hata mmoja.

Mimi sisemi nimempima Eliya hospitalini. Ninasema hivi: mtu aliyejaa Roho wa Mungu anaweza kufika mahali ambapo hataki kuishi, na Biblia haikuficha. Kwa hiyo usimwambie mshirika mwenzako kwamba angekuwa anaomba vya kutosha hangekuwa hivyo. Eliya aliomba kuliko wewe na mimi.

Sasa angalia Mungu alifanya nini. Malaika hakumkemea. Hakumwuliza ni dhambi gani amefanya. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Kabla ya mahubiri kulikuwa na usingizi, chakula, na mkono wa kumgusa. Sauti ile ndogo ya Horebu ilikuja baadaye, siku arobaini baadaye.

Na hapa ndipo nataka tukae leo. Mstari wa 6 unasema Eliya alikula, akanywa, akalala tena. Yaani mara ya kwanza haikutosha! Alihudumiwa na malaika kutoka mbinguni, na bado akarudi kulala. Ndipo mstari wa 7: malaika alirudi mara ya pili, akamgusa, akamwambia ale tena kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilikuwa imemzidi nguvu.

Mwambie jirani yako: malaika alirudi. Sisi kanisa tunajua kwenda mara ya kwanza. Tunajua kukesha usiku mmoja, kuweka mikono mara moja, kumsindikiza mtu hospitalini siku moja. Lakini wagonjwa wetu wengi wanapotelea kati ya mara ya kwanza na mara ya pili.

"Lakini Pasta, si ni mapepo?"

Swali hili naulizwa kila wiki, na ni swali halali. Sisi ni Wapentekosti. Tunaamini Yesu alitoa pepo na jina lake halijapungua nguvu. Lakini soma Mathayo 4:24. Waliletwa kwa Yesu watu wa aina mbalimbali, na Mathayo anawataja kila kundi kwa jina lake: wenye magonjwa, wenye pepo, wenye kifafa, waliopooza. Hakuwaweka wote kwenye kapu moja. Kama Mathayo aliona tofauti, sisi ni nani tuseme kila anayesikia sauti ana pepo, na kila kijana mwenye kifafa amerogwa?

Na hata kama wewe unaamini kuna vita vya kiroho ndani ya jambo hilo, hospitali haikuzuii kuomba. Omba ukiwa kwenye foleni. Omba ukimpa dawa. Kile ambacho hakisaidii ni kumfungia mtu ndani ya chumba au kumfunga kamba. Yule mtu wa Wagerasi, katika Marko 5, alikuwa amefungwa pingu na minyororo mara nyingi, na haikumponya. Yesu alipomaliza naye, watu walimkuta ameketi, amevaa nguo, akili zake zimetulia. Mtu wetu tunamtaka hivyo: ameketi, amevaa, ametulia.

Soma pia 2 Wafalme 20. Hezekia ni mgonjwa wa kufa. Analia, anaomba, na Mungu anamtuma Isaya kumwambia amesikia maombi yake, ataponywa, na ataongezewa miaka 15. Unabii umetolewa tayari! Kisha Isaya huyo huyo anaagiza waandae mkate wa tini waubandike juu ya jipu. Ahadi ilikuja kwanza, dawa ikafuata, na vyote viwili vilitoka kinywa cha nabii mmoja. Nani kati yetu atamwambia Isaya kwamba hana imani?

Hapa kanisani tuna wazee wenye presha na akina mama wenye sukari. Wanameza tembe asubuhi kisha wanakuja kuomba, na hakuna anayewauliza wameacha wokovu lini. Ubongo nao ni kiungo cha mwili. Unaweza kuugua kama figo inavyougua.

Na tusisahau historia yetu wenyewe. Mwaka 1922 Dkt. Archibald Irvine wa Kanisa la Scotland alifika Chogoria, na hospitali ile inatibu watu mpaka leo. Injili ilipanda kwenye miteremko hii ya mlima ikiwa na Biblia mkono mmoja na dawa mkono wa pili. Wamethodisti walifanya hivyo Maua, Wakatoliki wakafanya hivyo Nkubu na Kyeni. Anayetenganisha maombi na hospitali ameleta mafundisho mageni. Na tuliona Shakahola, mwaka 2023, mafundisho mageni yanaweza kufika wapi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa.

Utajuaje ni ugonjwa?

Kila mtu huhuzunika. Umefiwa, chai imelipa bonasi ndogo, mtoto amefukuzwa shule kwa karo, utahuzunika na hiyo si ugonjwa. Wataalamu wanatuambia tuangalie mambo mawili: muda, na kazi za kila siku. Kama huzuni au kukosa hamu kumekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na kunakula usingizi, chakula, kazi na ibada, usingoje tena. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, ule vijana wanaita dipresheni.

Wakati mwingine ugonjwa hujificha mwilini. Mtu analalamika kichwa, kifua kinabana, mwili unawaka moto. Anapimwa malaria, anapimwa taifodi, anapewa dawa, anarudi vilevile. Miezi inapita na hakuna aliyemwuliza, "Unalala? Moyo wako ukoje?"

Kuna dalili nyingine. Mtu anasikia sauti ambazo wengine hawasikii. Anashuku kwamba mke wake anamtilia sumu. Halali siku tatu nne na bado ana nguvu nyingi, anagawa pesa, anauza ng'ombe bila mpango, anasema ametumwa kuwa rais. Mama amejifungua na hawezi kulala hata mtoto akilala, anamwangalia mtoto na hasikii chochote moyoni. Mzee ameanza kusema afadhali hata afe awapunguzie mzigo.

Kwetu huku hatuwezi kuzungumza juu ya usingizi bila kutaja miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere. Najua kuna watoto hapa waliosoma kwa pesa ya mmea huo, na leo sihubiri juu ya biashara. Lakini kilicho ndani yake kinaamsha ubongo na kuondoa usingizi, na kwa watu wengine kinaweza kuleta au kuzidisha zile sauti na ule ushuku. Ukienda hospitalini, sema ukweli unatafuna kiasi gani, na unakunywa pombe gani. Muuguzi si polisi, na si mzee wa kanisa. Ukimficha, atakupa dawa akiwa gizani.

Wanaume, nanyi nisikilizeni. Tumefundishwa kwamba mwanaume halii. Eliya alikuwa mwanaume. Daudi alilia mpaka kitanda chake kikalowa, na alikuwa amemuua simba. Usikae shambani peke yako na wazo ambalo hujamwambia mtu.

Unaanzia wapi?

Watu wengi wakisikia matibabu ya akili wanafikiria Mathari. Hospitali ile ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1910, wakati wa ukoloni, na kwa vizazi vingi jina lake limekuwa tusi la kutupiana shuleni. Ni hospitali, na inasaidia watu. Lakini mgonjwa wako hahitaji kuanzia huko. Anza karibu na nyumbani.

Kwanza, kuna mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, yule anayepita nyumbani na mkoba wake. Anaweza kukuelekeza na kukuandikia barua. Pili, kuna zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wauguzi na matabibu wengi wamefundishwa kutambua magonjwa haya na kuanza matibabu ya kawaida. Mwambie waziwazi, "Nimeleta mgonjwa wa mawazo, hajalala wiki tatu." Usiseme tu "kichwa kinauma."

Tatu, kama jambo ni kubwa, utaandikiwa rufaa kwenda hospitali kubwa. Kwa walio upande wa Meru, ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru, pale mjini. Kwa walio Embu, kuanzia Runyenjes hadi Siakago, ni Embu Level 5. Uliza kliniki ya afya ya akili iko wapi. Kliniki hizi mara nyingi zina siku zake za wiki, kwa hiyo piga simu au muulize mhudumu wa kijiji kabla hujatumia nauli. Hospitali za misheni nilizotaja pia unaweza kuziuliza. Lakini kama ni dharura, hakuna kungoja siku ya kliniki. Nenda idara ya dharura hata kama ni usiku wa manane.

Kuhusu gharama: NHIF iliisha na SHA ikaanza tarehe 1 Oktoba 2024. Kama hujajisajili, piga *147# leo jioni, usingoje ugonjwa. Kiwango cha chini cha mchango ni shilingi 300 kwa mwezi. Ukifika hospitalini, nenda kwenye dawati la SHA uulize ni nini kimelipiwa na ni nini utalipa mwenyewe, kabla hujaingia.

Beba kitambulisho. Beba dawa zote mgonjwa anazotumia, pamoja na miti shamba, usizifiche. Andika kwenye karatasi: ilianza lini, analala saa ngapi, amewahi kuugua hivi kabla, kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua. Na mgonjwa asiende peke yake. Aende na mtu anayeishi naye, kwa sababu mgonjwa mwingine akiulizwa hali yake atasema, "Niko sawa," na daktari ana dakika chache.

Siku hiyo ya kwanza hakuna mashine ya kusoma akili. Ni maswali. Watapima presha, wanaweza kutoa damu ili kuona kama kuna ugonjwa mwingine wa mwili unaoleta dalili hizo. Watauliza juu ya usingizi, chakula, ndoa, pombe, sauti. Watauliza kama umewahi kufikiria kujiua. Swali hilo si matusi. Ni kama kukugusa tumbo kuona panapouma. Jibu ukweli.

Unaweza kupewa dawa, unaweza kupewa kaunsela wa kuzungumza naye kwa siku kadhaa, unaweza kupewa vyote viwili. Na hapa shika sana: dawa nyingi za sonona hazifanyi kazi siku ile ile kama panadol. Huchukua wiki mbili, nne, hata sita. Wiki za kwanza mtu anaweza kusikia kichefuchefu au mdomo kukauka, na nafuu haijafika. Dawa nyingine za kutuliza sauti zinaweza kukaza shingo au ulimi. Mtu wa kijijini akiona shingo imekazika atasema ni pepo anapigana na dawa. Hapana. Ni jambo ambalo madaktari wanalijua na wana dawa yake. Mrudishe hospitalini siku hiyo hiyo. Usizitupe tembe chooni.

Dada mmoja wa kwetu

Dada mmoja wa ushirika wetu amenipa ruhusa nieleze yaliyompata, bila jina wala kijiji. Baada ya kujifungua mtoto wa pili, usingizi ulimtoka. Alikaa usiku akisikiliza mtoto akipumua, na moyoni neno lilikuwa likimwambia mtoto huyu angekuwa salama zaidi bila yeye. Ndugu wakasema ni jicho la jirani. Tulimwombea hapa mara mbili. Ni mama mkwe wake aliyesema, "Mtoto wangu, tuombe na twende." Semeni amina kwa mama wakwe wa namna hiyo.

Zahanati walimwandikia rufaa. Hospitalini alipiga foleni tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Akapewa tembe na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu: kichefuchefu, na usingizi bado. Akaweka zile tembe juu ya kabati na kusema hazina kazi.

Siku ya kurudi ikafika. Mvua inanyesha, nauli hakuna, mume ameenda kibarua. Hiyo siku ndiyo ilikuwa hatari kuliko siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza kila mtu alikuwa na habari, na siku hii hakuna aliyekumbuka. Isipokuwa akina mama wawili wa ushirika wake. Walikuwa wameandika tarehe. Walifika na bodaboda mbili, mmoja akambeba mtoto mgongoni, wakaenda. Daktari akasikiliza, akarekebisha dawa, akamweleza kwa nini asiache. Baada ya wiki kama sita alianza kulala usiku. Leo anaimba kwenye kwaya, na bado anameza dawa, kwa sababu daktari alimwambia aendelee miezi kadhaa hata baada ya kusikia nafuu. Nilimwuliza ni maombi au ni dawa. Alinijibu, "Pasta, ni Mungu, na wale mama wawili, na zile tembe."

Hao mama wawili ni mstari wa 7. Malaika alirudi mara ya pili.

Na sitawadanganya. Si kila mtu atapona kwa wiki sita. Wengine watatumia dawa miaka, kama mwenye sukari. Wengine watafika dirishani na kuambiwa dawa imekwisha. Ikiwa hivyo, uliza muuguzi kuna dawa gani nyingine ya kazi hiyo, au uandikiwe jina lake ununue, kisha utuambie sisi. Kukata tamaa siku hiyo ndiko adui anakotaka.

Mtu akisema anataka kufa

Amwone au amsikie nani, asinyamaze. Usiseme, "Hao wanaosema hawafanyi." Mwulize wazi, kwa upole: "Unafikiria kujiua?" Kumwuliza hakumtilii wazo hilo kichwani; kunamfungulia mlango wa kusema. Usimwache peke yake. Ondoa nyumbani vitu vinavyoweza kumdhuru. Mpeleke hospitalini siku hiyo. Ukikosa pa kuanzia, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana nambari ya bure, 1199, na Befrienders Kenya wako kwa 0722 178 177.

Wengi waliogopa kwenda hospitali kwa sababu ya polisi. Kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, mwaka 2020, jopokazi la serikali lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikuwa limependekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la dharura la kitaifa. Kama mahakama na serikali zimeanza kumwona mtu huyu kuwa mgonjwa, kanisa lisiwe la mwisho kumwona.

Tulilokubaliana kama kanisa

Wazee na viongozi wa idara waliketi, na kuanzia Jumapili hii tumekubaliana mambo matatu.

La kwanza. Hakuna mhubiri, mgeni au mwenyeji, atakayemwambia mtu kwenye madhabahu hii aache dawa. Mtu akisema ameponywa, tutamshukuru Mungu pamoja naye, na daktari wake ndiye atakayepunguza dawa. Katika Luka 17 Yesu aliwaambia wale wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani. Hao ndio walikuwa na kazi ya kuthibitisha. Muujiza wa kweli hauogopi kupimwa.

La pili. Kila ushirika wa nyumbani utachagua watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kusindikiza wagonjwa. Wawe watu wenye ulimi mfupi. Jina la mgonjwa halitasomwa hapa mbele, wala halitaandikwa kwenye karatasi ya maombi bila ruhusa yake. Na kama ni mwimbaji, mwalimu wa Sunday school au shemasi, hatapoteza nafasi yake kwa sababu ameugua. Eliya hakuvuliwa unabii chini ya mretemu. Mungu alimpumzisha, akamrudisha kazini, na akampa Elisha wa kutembea naye.

La tatu. Sehemu ya sadaka ya huduma ya wahitaji itawekwa kwa nauli. Nauli ya siku ya kwanza, na hasa nauli ya mara ya pili. Wale wawili wa ushirika wataandika tarehe ya kurudi, na siku hiyo watakuwa mlangoni.

Mpendwa, labda wewe uko chini ya mretemu wako leo. Hutuombi moto wa Karmeli. Unataka tu usiku mmoja wa usingizi. Ukitoka hapa, mguse mtu mmoja begani na umwambie maneno mawili: "Nisindikize kesho." Hayo yanatosha kuanza. Na wewe uliyeguswa begani, usimpe mahubiri. Mwulize atakuwa tayari saa ngapi.

Tuombe

Baba, wewe ulimwona Eliya akiwa amelala na hukumkasirikia. Waone walio nyumbani kwetu usiku huu wasiolala. Wape madaktari na wauguzi wa Meru na Embu hekima na subira, na dawa zipatikane. Tupe sisi miguu ya kurudi mara ya pili, na ya tatu. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Katika 1 Wafalme 19:3–8, taja mambo ambayo malaika alimfanyia Eliya, kwa utaratibu wake. Ni lipi kati ya hayo ambalo ushirika wetu husahau?
2. Soma 2 Wafalme 20:5–7. Kwa nini mkate wa tini ulihitajika ikiwa ahadi ilikuwa imeshatolewa?
3. Kliniki ya afya ya akili iliyo karibu nasi iko wapi, na hufunguliwa siku gani? Kama hakuna anayejua, nani atauliza wiki hii?
4. Chagueni wale wawili wa kusindikiza. Wapeni nambari za simu za kila nyumba kabla ya kufunga kwa maombi.